Uzee wa Jicho na Hukumu ya Lenzi

Mtu akifikisha umri wa miaka 40 na zaidi, lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho lake huwa imekakamaa kiasi kwamba haibadiliki umbo kwa wepesi ili kuona vya karibu. Maandishi madogo humtoka, na kitabu hukishika mbali. Hali hiyo huitwa presibiopia, nayo humpata karibu kila anayejaaliwa umri. Tangu mwishoni mwa karne ya 13, miwani ilipobuniwa Italia, msaada wake umekuwa miwani ya kusomea. Leo zipo pia lenzi laini za kuvaa machoni zenye fokasi nyingi. Kwa kuwa hazionekani, huzuka swali la kidini: je, Mwislamu anayezivaa anabadili maumbile na kuuficha uzee wake?

Swali hilo lina uzito. Surat an-Nisaa, aya ya 119, inahesabu kubadili uumbaji wa Mwenyezi Mungu miongoni mwa mambo anayoyaamrisha Shetani. Tena Imam Nawawi na wanazuoni wengine waliharamisha kutia mvi rangi nyeusi, na sababu mojawapo inayotajwa ni kuwadanganya watu kuhusu umri.

Hata hivyo, rangi ya nywele hubadilisha sura tu, ilhali lenzi humrudishia mtu uwezo wa kutenda. Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa habari ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani. Alitengeneza pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru atumie ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kufidia kilichopungua, basi, hakuhesabiwi kuwa ni kubadili maumbile.

Utendaji wa lenzi zenyewe unatilia nguvu hoja hiyo. Nyingi zina duru zinazozungukana, nyingine za kuonea mbali na nyingine za karibu. Nuru ya pande zote mbili huingia jichoni kwa pamoja, na ubongo hujizoeza kuchagua taswira inayohitajika. Mwanazuoni wa elimu ya nuru Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki yapata mwaka 1040, alikwisha kueleza kwamba kuona hakukamiliki kwa nuru peke yake. Akili nayo hupambanua. Lenzi hukitumikia kipawa hicho alichoumbiwa mtu, haishiki nafasi yake.

Wala haiuondoi uzee. Hadithi ya Usama bin Sharik inahimiza kutafuta tiba, kwani kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa uzee. Lenzi ikivuliwa usiku, presibiopia iko palepale. Anayezivaa ili amhadae mchumba kuhusu umri wake ana dhambi ya hadaa. Lenzi haina kosa.

Kwa upande wa ibada, madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hayawajibishi kuosha ndani ya jicho katika udhu wala josho. Kwa hiyo lenzi hazizuii twahara. Saumu nayo haibatiliki kwa matone ya dawa ya macho, kwa kuwa jicho halihesabiwi kuwa tundu lililo wazi. Wamaliki huona inabatilika ladha yake ikifika kooni.

Linalobaki ni dhara, na hapo ndipo hukumu inapoweza kugeuka. Baadhi ya wavaaji huona duara za mwanga kuzunguka taa usiku, jambo la hatari kwa dereva. Kulala na lenzi, au kuziosha kwa maji ya bomba, huweza kuleta maambukizi ya konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, yanayopofusha. Jicho ni amana. Kwa mwenye uwezo wa kuzitunza kwa usafi, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa macho, lenzi hizi ni halali. Asiyeweza, miwani ndiyo iliyo bora kwake kiafya na kidini.