Mwana Hiti na Bei Yake

Wahuichol wa Meksiko hupanga nyuzi juu ya ubao uliopakwa nta ya nyuki, na sanaa iliyotokana na sadaka kwa miungu sasa huuzwa mijini. Swali lao ni letu pia. Wakaguru wa Gairo, kama Waluguru, Wakwere na Wazaramo, walikuwa na mwana hiti: sanamu ndogo ya mti, kichwa na kiwiliwili tu, na kishungi cha nywele kilichogawanyika pande mbili. Mwali aliyewekwa ndani alimwogesha, akampaka mafuta, akamlea kama mtoto. Maana ukoo ulifuata mama, na uzazi wa binti ndio uliokuwa uhai wa ukoo. Leo wana hiti wengi wamo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, wakavu nyuma ya vioo.

Je, utakatifu umo katika mti au katika mkono unaoulea? Mimi nasema umo katika ulezi, kwani mti haukutoka mwituni ukiwa mtakatifu. Lakini hukumu hii haimfungui mnunuzi. Ikiwa ulezi ndio wenye thamani, basi aliyemtwaa mwana hiti hakutwaa gogo. Alikatiza malezi yaliyomngojea mwali mwingine. Sanamu ichongwayo leo kwa ajili ya watalii haina lawama hiyo. Haikulelewa na mtu.