Moto Hauna Nia

Lugha ya Kiingereza imejaa moto. Mtu mwenye ari husemwa kuwa ana moto tumboni. Anayelaumiwa na wengi husemwa yu chini ya moto. Mwenye shughuli nyingi kwa wakati mmoja husemwa ana vyuma vingi motoni, na aliyekimbia shida ndogo akaangukia kubwa husemwa ametoka kikaangoni akaingia motoni. Semi hizi si ngeni sana kwa msemaji wa Kiswahili. Kwake pia fitina huchochewa, ugomvi huwaka, hasira huzimwa, na mwenye bahati mbaya huruka majivu akakanyaga moto. Kila taifa limekaa karibu na moto, likaota joto lake, likaungua kwa ndimi zake, kisha likauingiza katika maneno yake.

Lakini methali na misemo si mapambo matupu. Mtu akiita jambo moto, amekwisha kulitolea hukumu kabla ya kulipima. Moto huunguza bila kuchagua. Moto huenea bila kuombwa. Moto hautoi nafasi ya mashauri, kwani mwenye nyumba inayoungua haitishi baraza, huchota maji. Tena, juu ya yote, moto hauna nia. Haushtakiwi wala hauapishwi. Mahakama humwita aliyeuwasha. Basi swali lafaa kuulizwa: je, mtu anayesema kwa mfano wa moto ana wajibu gani juu ya mfano huo, ikiwa kwa mfano huo mwingine hufungwa, hufukuzwa au huuawa?

Jambo la kwanza la kutazamwa ni silaha. Waingereza hutumia neno moja kwa kuwasha na kwa kupiga bunduki, na hapo kale neno hilo lilikuwa la kweli tupu. Bunduki za zamani ziliwashwa kwa utambi: mpigaji alipeleka utambi unaowaka kwenye baruti, na moto ukaonekana kwa macho. Utambi ukapita, gumegume likaja likapita, fataki ikashika zamu, neno likabaki. Kisha likahama vitani likaingia kazini. Neno la Kiingereza la kumwachisha mtu kazi lilikuwa pia neno la kufyatua bunduki, na katika Marekani ya karne ya 19 watu wakafanya mzaha juu ya maana hizo mbili. Mfanyakazi aliyeondolewa akawa kama risasi iliyofyatuliwa. Leo hapana anayecheka. Mzaha umekuwa neno la kawaida, na baba aliyekosa mshahara hupewa habari yake kwa neno la bunduki.

Toka hapo si mbali kufika kwenye usemi mzito kupita yote, yaani moto wa kirafiki. Maana yake ni kuuawa au kujeruhiwa kwa askari na askari wenziwe.  Tarehe 22 Aprili 2004 kijana Pat Tillman aliuawa Afghanistan. Alikuwa mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani aliyeacha mchezo akaingia jeshini. Habari ya kwanza iliyotolewa ilisema kwamba aliuawa na adui. Wiki kadhaa zilipita kabla ya jamaa zake kuambiwa kuwa risasi zilitoka kwa wenziwe. Usemi wenyewe haukuzua uficho huo, lakini wafanana nao: humtaja moto, humsifu moto kwa urafiki, wala haumtaji mtu. Mama hakuzaa mwana ili auawe na moto wenye urafiki. Anachotaka kujua ni nani, kwa kosa gani, na kwa nini hakuambiwa mapema.

Yamkini msomaji atajivuna kwamba Kiswahili ni kisafi katika jambo hili, maana Mswahili hupiga bunduki, humfukuza mtu kazi, na kila kitenzi humdai mtendaji. Majivuno hayo hayana msingi. Kiswahili nacho husema kwamba watu wamepunguzwa kazini, kana kwamba ni chumvi katika mchuzi, na aliyepunguza hatajwi. Kosa si la kabila moja la watu. Ni la ulimi, na ulimi hauna mfupa.

Jambo la pili latoka mahakamani. Mwaka 1919 Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha hatia ya Charles Schenck, ambaye alikuwa ameshiriki kuwapelekea vijana karatasi za kupinga kuandikishwa jeshini kwa lazima. Jaji Oliver Wendell Holmes, aliyeandika hukumu, alitoa mfano uliosafiri dunia nzima: hata uhuru mkubwa wa kusema haumlindi mtu anayepiga kelele ya uongo ya moto ndani ya jumba la michezo akaleta kitisho. Mfano huo wavutia, na ndiyo maana wapasa kuogopwa. Katika jumba la michezo kelele ni ya uongo. Karatasi za Schenck zilikuwa na rai, na rai hujibiwa kwa rai. Katika jumba la michezo mtu hana nafasi ya kufikiri. Msomaji wa karatasi nyumbani kwake ana siku nzima. Mambo mawili yasiyofanana yalifungwa kamba moja, na kamba hiyo ilikuwa neno moto. Mwaka huohuo, katika kesi ya Abrams, Holmes mwenyewe alitofautiana na wenziwe walio wengi akatetea uhuru wa kusema. Mwaka 1969, katika kesi ya Brandenburg, mahakama iliamua kwamba maneno ya uchochezi huadhibiwa pale tu yanapokusudia kuleta uvunjaji wa sheria wa papo hapo na yanapoelekea kuuleta kweli. Sheria ilijisahihisha baada ya miaka 50. Mfano bado watembea.

Jambo la tatu ni shauri la kupigana na moto kwa moto. Waingereza wanalo, na Waswahili wanalo: dawa ya moto ni moto. Wenye kisasi hulipenda, maana huwapa ruhusa ya kumtukana aliyewatukana. Lakini shauri hili lina ukweli wake porini, na ukweli huo wakataa kisasi. Tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde la Mann Gulch, Montana, watu 16 wa kuzima moto walikimbizwa mlimani na moto wa nyasi kavu. Msimamizi wao, Wagner Dodge, alipoona hawataufikia ukingo, aliwasha kiberiti akachoma nyasi zilizo mbele yake, akaingia katika majivu, akalala kifudifudi. Aliwaita wenziwe, hawakumfuata. Wawili waliokoka kwa kupenya mwanya wa mwamba, 13 walikufa. Dodge alipona, kwani moto mkubwa ulipomfikia haukupata cha kula.

Dodge hakuupiga moto kwa moto. Aliunyima kuni. Hilo ndilo fundisho la methali, na anayejibu tusi kwa tusi hulipindua, maana yeye humwongezea adui kuni. Lakini lipo fundisho la pili. Yaliulizwa maswali kama moto ule wa Dodge uliwadhuru wenziwe, na Dodge alitoa ushahidi mbele ya baraza la uchunguzi. Hakusema kwamba moto uliwaka. Alisema kwamba aliuwasha yeye.

Haifuati kwamba watu waache mifano. Lugha isiyo na mfano ni chakula kisicho na chumvi, na moto tumboni mwa mwanafunzi ni neema. Linalotakiwa ni kwamba mwenye kutaja moto awe tayari kujibu maswali mawili: je, jambo hili kweli laenea na kuunguza kama moto, au yeye ndiye anayetaka liogopwe? Na je, ni nani aliyeshika kiberiti? Asiyeweza kujibu la kwanza amedanganya wasikilizaji wake. Asiyetaka kujibu la pili ameficha mkono. Moto huacha majivu, na majivu hayasemi. Kwa hiyo waliobaki hawana budi kusema kwa niaba yake, na kumtaja mtu kwa jina lake.