Mvivu au Mgonjwa?

Liko neno moja ambalo sisi walimu na wazee wa sharika hulitamka upesi mno, nalo ni "mvivu". Mimi nililitamka siku moja juu ya mtu asiyelistahili, na tangu siku hiyo nina swali moyoni. Swali lenyewe ni hili: tabia ya mtu, furaha yake na fikira zake, zatoka katika nafsi yake, au zatoka katika mwili wake? Na kama zatoka mwilini, je, tumlaumu nani?

Kwanza nisimulie kosa langu. Katika usharika niliotumika zamani, huko milimani, palikuwa na mama mmoja aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya. Shamba lake lilikuwa safi, na nyumba yake haikukosa wageni. Kisha, katika muda wa mwaka mmoja na nusu, akabadilika. Aliacha kwaya. Magugu yakaota mpaka mlangoni. Akija ibadani alisinzia, na akiulizwa neno alijibu polepole, kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Mumewe akanung'unika, majirani wakacheka, na wazee wakaniambia, "Mwalimu, nenda ukamwonye."

Nikaenda. Nilimkuta ameketi juani wakati wa adhuhuri, naye amejifunika blanketi. Nikamwambia maneno makali juu ya uvivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, si kwamba sitaki. Natamani kutaka, nami siwezi." Nikaondoka nikidhani kwamba ni udhuru tu.

Baada ya miezi michache binti yake alimpeleka hospitali, kwa sababu uso ulikuwa umevimba. Damu ikapimwa, ikaonekana kwamba tezi yake ya shingo imedhoofika. Akapewa vidonge vidogo, ameze kimoja kila siku maisha yake yote. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerudi mahali pake katika kwaya. Hakuna aliyemwonya tena wala kumtia marudi. Kidonge kidogo kilifanya kazi ambayo maneno yangu makali hayakuiweza. Siku ile nilipomsikia akiimba, sikuweza kuinua macho yangu.

Tezi hiyo ni nini, basi? Imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Umbo lake ni kama la kipepeo, na uzito wake kwa mtu mzima ni gramu 20 hivi. Hutia katika damu vitu viitwavyo homoni, na damu huvichukua mpaka kila kiungo, hata ubongo. Homoni hizo zikipungua, moyo hupiga polepole, mwili husikia baridi, ngozi hukauka, uso huvimba. Na akili nayo hupoa. Mtu husahau, hulemewa na huzuni, hukosa hamu ya kazi. Zikizidi, mambo hugeuka: moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, usingizi hukimbia, na mtu aliyekuwa mpole huwa mwepesi wa hasira.

Jambo hili halikujulikana upesi, na waliolifumbua walilifumbua kwa uchungu. Huko Bern, katika nchi ya Uswisi, alikuwako daktari mpasuaji, Theodor Kocher, aliyesifiwa kwa kuondoa rovu. Mwaka 1874 alimpasua msichana mmoja, akaiondoa tezi yote, na kidonda kikapona vizuri. Baadaye akapata habari kwamba msichana huyo amegeuka kabisa, amekuwa mzito wa mwili na wa akili. Kocher hakulifunika jambo hilo. Aliwaita wagonjwa wake wa zamani ili awatazame tena, akaona kwamba wengi katika wale walioondolewa tezi yote wamepatwa na msiba uleule. Mwaka 1883 akasimama mbele ya wapasuaji wenzake mjini Berlin, akaeleza wazi madhara yaliyotoka katika mikono yake mwenyewe, akaazimia kutoiondoa tena tezi yote kwa ajili ya rovu. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hii. Kabla ya hapo, mwaka 1891, daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimchoma sindano mwanamke mmoja mgonjwa, akimtia dawa iliyotengenezwa kwa tezi ya kondoo. Mwanamke huyo akapata nafuu, akaishi mpaka mwaka 1919.

Tena tezi haiwezi kufanya kazi yake pasipo madini joto. Kiasi kinachohitajiwa ni kidogo mno. Chote anachokihitaji mtu tangu kuzaliwa mpaka uzee wake hakijazi kijiko cha chai. Lakini mvua nyingi za milimani huyaosha madini hayo katika udongo. Ndiyo sababu rovu lilionekana sana katika Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania, kama lilivyoonekana Uswisi. Na mama mjamzito akiyakosa kabisa, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi, au akili yake ikapungua maisha yote. Uswisi walianza kuyatia katika chumvi mwaka 1922, na leo chumvi ya namna hiyo yauzwa katika maduka yetu. Walakini si kila tezi hudhoofika kwa kukosa madini hayo, maana mara nyingine mwili wenyewe huishambulia tezi yake. Kwa hiyo anayeona dalili hizo asitosheke na chumvi, bali aende akapimwe.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mzee mmoja, nilipomweleza habari hizi, aliniambia, "Mwalimu, jihadhari. Ukifundisha hivyo, kesho mlevi atasema ni tezi, na mwizi atasema ni damu yake. Nani atakayekiri kosa?" Neno lake lina uzito, wala halifai kudharauliwa.

Mimi nilimjibu hivi. Mzee, ngoma iliyolegea hailii hata apige fundi. Nasi tukimcheka mpigaji twamwonea. Lakini ngoma iliyowambwa vizuri haijipigi yenyewe. Yule mama alipokuwa mgonjwa hakuwa na uvivu wa kuungama. Alipopona, kidonge hakikumlimia shamba wala hakikumwimbia. Kilimrudishia nguvu ya kutaka, kisha yeye mwenyewe akashika jembe. Na Kocher je? Mikono yake na akili yake vilikuwa vizima, naye angaliweza kuuficha msiba ule akaendelea kusifiwa. Akasema kweli. Mwili humpa mtu uwezo, tena waweza kumnyima. Lakini lile alitendalo kwa uwezo alio nao ni lake, naye ataulizwa kwa hilo.

Tukumbuke pia habari za nabii Eliya chini ya mretemu, alipochoka akaomba afe. Hakukemewa kwanza. Alilala, akapewa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Baadaye ndipo alipoulizwa habari zake, akarudishwa kazini. Chakula na usingizi vilitangulia, na swali likafuata. Wala swali halikuachwa kwa sababu alikuwa amechoka.

Kwa hiyo, ndugu walimu na wazee, mkitumwa kumwonya mtu aliyebadilika, ulizeni kwanza: Alianza lini? Alikuwaje zamani? Analala? Anakula? Amejifungua hivi karibuni? Mwili wake una dalili gani? Daktari amemwona? Na mtu akisema hawezi, msimwite mwongo kabla hamjajua. Lakini kila mmoja anapojihukumu mwenyewe, asikimbilie tezi wala damu kabla ya kujiuliza kama nguvu anazo na hataki tu kuzitumia.

Yule mama hakunilaumu hata mara moja. Nilipokwenda kumwomba radhi, alicheka, akasema, "Mwalimu, hukujua." Ni kweli, sikujua. Lakini blanketi nililiona kwa macho yangu, juani, adhuhuri, nami sikuuliza. Tezi yangu ilikuwa nzima siku hiyo. Kosa lile lilikuwa langu.