Nani Atafungua?

Msimu wa kusi ukiingia, bahari ya Diani huchafuka, wageni hupungua, na hapo ndipo sisi mafundi wa viti tunapopata kazi. Boti za vioo hupandishwa mchangani, mashua za Shimoni zinazopeleka watu Kisite hupumzishwa, na mito ya kukalia huletwa Ukunda, kibandani kwa mjomba wangu, imerundikwa kwenye tuktuk kama wagonjwa. Mingine, kusema kweli, ni maiti kabisa.

Mto wa boti hauchakai kama kiti cha sebuleni. Jua linakausha ngozi ya plastiki mpaka inapasuka. Chumvi inakula zipu ya chuma. Uzi wa pamba unaoza, maji yanapenya kwenye mshono, na sponji ya kawaida, ambayo vitundu vyake vimeungana, inayanywa na kukaa nayo. Ndani panaota ukungu mweusi. Ukitatua mshono, harufu yake utaijua hata umefumba macho. Dawa inajulikana: sponji mpya, uzi wa nailoni, zipu ya plastiki, na upande wa chini kitambaa cha wavu ili maji yashuke. Inajulikana, ila ni ghali, na kinachokula pesa ni sponji, si kitambaa.

Kwa hiyo ombi tunalolisikia zaidi ni hili: "Fundi, nifunikie tu. Ndani nani atafungua?"

Si swali la kijinga. Tumezoea kudhani uongo ni maneno, na hapa hakuna aliyesema neno. Tajiri wa boti anajua kilichomo, fundi anajua, bei wamepatana. Nani kadanganywa? Ukiniletea sofa yako ukasema sponji hii hii inakutosha, nitafunika bila maswali, maana utakayeikalia ni wewe. Lakini mto wa boti una mtu wa tatu, na huyo hakuwepo tulipokuwa tunapatana. Ataona buluu inang'aa, na ile buluu itamwambia boti hii inatunzwa. Tajiri hakusema hivyo. Mshono ndio uliosema, na mshono ni wangu.

Mjomba hapo hakubaliani nami. "Mimi nauza mshono," husema. "Sponji ni ya mwenyewe." Halafu ananikumbusha kwamba huyo tajiri naye ana karo ya kulipa na hajaona mgeni tangu Pasaka, na kwamba tukikataa, kuna fundi mwingine hatua ishirini mbele ambaye hatauliza lolote. Hii ya mwisho siikubali hata kidogo. Kwamba mwingine angefanya hakubadilishi ni nani aliyefanya. Lakini ile ya kwanza ina uzito. Fundi maskini hawezi kuwa mlinzi wa kila abiria, na suruali kulowa si msiba. Ubishi wetu ungekuwa wa mito tu, ningemwachia.

Shida ni kwamba chini ya mito kuna sanduku, na ndani ya sanduku kuna jaketi za kuokolea maisha.

Na hapa kuna jambo linaloniudhi. Nimepanda boti ambazo mito ni ya wageni tu. Wakipanda wenyeji wanaovuka kwenda Wasini, mito inarundikwa pembeni isichafuke. Sasa ubao ukiwa mgumu, mtu atafanya nini? Anachukua jaketi anaikalia, bana. Jaketi inaelea kwa sababu povu lake lina vitundu vilivyofungwa kila kimoja na hewa yake. Ukiikalia msimu baada ya msimu, vitundu vinabanwa na kupasuka. Inabaki na rangi yake ya chungwa na mikanda yake, lakini nguvu ya kumbeba mtu imepungua. Kwa hiyo usiniambie kumpa mvuvi mto ni anasa.

Mto na jaketi ni ndugu tangu zamani. Wazee wetu walijaza magodoro usumba, yaani nyuzi za makumbi yaliyozikwa miezi kadhaa kwenye matope ya pwani kisha yakapondwa na kina mama, au walijaza usufi. Usufi ni mwepesi na haunywi maji upesi. Ndiyo maana, kabla ya povu za viwandani, mabaharia duniani walivaa jaketi zilizojazwa usufi huo huo tunaoulalia.

Sisi wa ng'ambo hii ya Likoni hatuhitaji kuelezwa bahari inaweza nini. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama, watu 272 wakafa. Chanzo chake hakikuwa kilichojazwa ndani ya jaketi. Kwa mfano wa hilo inabidi twende mbali, New York, 15 Juni 1904, meli ya General Slocum ilipoungua ikiwa imejaa watu wa kanisa moja waliokwenda matembezi, wengi wao wanawake na watoto. Walikufa zaidi ya 1,000. Jaketi zao zilijazwa gome lile jepesi la kutengenezea vizibo, na kwa miaka mingi ya kuning'inia gome lilikuwa limegeuka vumbi. Uchunguzi uliofuata ukafichua kiwanda kimoja kilichokuwa kikitia vipande vya chuma ndani ya gome la jaketi mpya ili zifikie uzito uliotakiwa na sheria. Chuma, ndani ya kitu cha kuelea! Na kuna mtu aliyekificha humo. Nahodha alihukumiwa miaka 10. Wenye kiwanda walishtakiwa, lakini hawakufungwa.

Juni iliyopita tajiri mmoja alituletea mito minane na gunia lenye jaketi sita zilizopauka, bapa kama chapati. Alitaka zote zivishwe kitambaa kipya. Wageni wanapiga picha, alisema.

Mjomba alizibonyeza moja moja kwa kidole gumba, povu halikurudi. "Tajiri, mito nitafunika. Hizi sishoni."

"Kwani tofauti iko wapi? Si zote ni sponji na kitambaa?"

Mjomba hakumjibu, alirudi kwenye cherehani. Mimi nadhani tajiri alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu kitendo ni kile kile: unafunga mshono juu ya kitu usichotaka kionekane. Tofauti ni ya kiasi tu. Lakini aliyelowa suruali atarudi kulalamika, atakutukana, atadai pesa yake. Aliyezama harudi, na huyo ndiye anayekaa nami usiku.

Jaketi aliondoka nazo kwenye gunia lile lile. Mito tulimfunikia, sponji kuukuu baada ya kuanikwa siku tatu, na nyuma ya kila mmoja nikatia zipu ya plastiki ndefu ya kutosha mkono kuingia. Aliniuliza zipu ya nini kama ndani hapafunguliwi. Nikamwambia ni ya yule atakayetaka kufungua. Alinung'unika, akalipa, akaomba apunguziwe shilingi 200.