Safari ya "Hapa Tu"

Wapwa zangu wa vijiweni, kuanzia Msamvu hadi Kola, na nyie mnaoshuka na kabichi za Nyandira: kwetu Uluguruni mjomba akisema, mpwa hukaa akasikiliza. Zimeni injini kidogo.

Nawaona mnavyovaa kofia ngumu. Mkielekea barabara kuu, anakosimama trafiki, inapanda kichwani. Mkikata kona kuingia Kilakala au Bigwa, inashuka, inaning'inia kwenye kiwiko au inavishwa saitimira. Nikiuliza, jibu ni moja: "Mzee, ni hapa tu." Basi neno langu liko hapo kwenye "hapa tu".

Kichwa cha mtu aliyekaa kwenye pikipiki kiko kama mita 1.5 kutoka chini. Kikidondoka kutoka hapo, hata pikipiki ikiwa imesimama, kinapiga ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Fuso halihitajiki. Mbuzi anatosha, au changarawe kwenye kona, au ule udongo mwekundu wa masika njia ya Mgeta. Na maanguko ya namna hiyo ndiyo kofia inayoyamudu hasa: za baiskeli, kule Ulaya, hupimwa kwa kuangushwa kwenye chuma kutoka kimo hicho hicho. Mnaivua pale pale inapowafaa zaidi.

Pasueni kofia kuukuu muone. Ganda la nje hutawanya pigo na kuteleza juu ya lami. Ndani kuna povu jeupe gumu, lile lile linalokuja na boksi la runinga. Likigongwa linabonyea, na ubongo unapata sentimita mbili tatu za kupunguza mwendo badala ya kukwama ghafla. Likishabonyea halirudi. Kwa hiyo kofia iliyokwisha anguka na mtu ni ya kutupa, ing'ae ising'ae, msiuziane. Ile ya fundi ujenzi msinitanie nayo kabisa, hiyo ni ya tofali linalotoka juu, haijui kisogo kinachofuata lami. Na mkanda wa kidevuni usipofungwa, kofia inaruka zake kabla kichwa hakijafika chini.

Kuna Mwingereza mmoja maarufu, T. E. Lawrence, aliyepigana vita kuu ya kwanza Uarabuni akatoka mzima. Mei 1935 alikuwa anarudi kwake kutoka posta, mwendo wa kilomita chache tu, akawakwepa vijana wawili wa baiskeli, akarushwa kutoka kwenye pikipiki. Kichwa wazi. Siku sita baadaye akafa. Daktari wa ubongo aliyeitwa kumwona, Hugh Cairns, hakuliacha jambo lile. Alichunguza ajali za matarishi wa jeshi wa pikipiki, akachapisha matokeo mwaka 1941, na jeshi likawaamuru wavae kofia. Waliopitia tafiti nyingi za dunia mwaka 2008 walikuta kofia ya pikipiki inapunguza hatari ya kufa kwa 42%, na ya kuumia kichwa kwa 69%.

Sisemi ni hirizi. Ukivaana uso kwa uso na lori la Tunduma, kifua hakina kofia.

Abiria mnamsahau. Anakaa nyuma, haoni shimo linakuja, na akitupwa hana usukani wa kushika. Akina dada wanasema kofia ya bodaboda ina jasho la watu na mba, wana haki. Dawa yake ni kitambaa chake mwenyewe cha kuvaa ndani, na wewe kuianika juani. Mishikaki, abiria wawili kwa mpigo, ndiyo mbaya kuliko yote: mtoto katikati, hana hata cha kuazima.

Na nyie wa baiskeli mnaoshuka na ndizi, breki ikiwa ni kandambili inayokandamizwa kwenye tairi, msidhani haya hayawahusu kwa kuwa hamna injini. Lami ya Bigwa haiulizi umeendesha nini.

Bosi unayepokea hesabu kila jioni, nawe nakusemesha: kofia ya maana ni hesabu ya siku kadhaa. Pikipiki ikitoka dukani itoke na mbili.