Mizani Yao na Mchanga Wetu

Sisi tunaolima pamba Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu ni hodari wa kumsema mnunuzi. Tunaijua mizani iliyochezewa. Tunamjua karani anayesoma kilo kabla mshale haujatulia. Huo ni wizi, na Mambo ya Walawi sura ya 19 inaukataza waziwazi.

Lakini usiku wa kuamkia siku ya kuuza, mlango ukiwa umefungwa, wapo kati yetu wanaonyunyizia pamba maji. Wengine huchanganya mchanga, au huficha pamba chafu katikati ya gunia na kuweka nyeupe juu. Tukiulizwa, jibu liko tayari: nao wanatuibia, tunarudisha tu kilicho chetu.

Jibu hilo tusilidharau. Mama aliyepalilia mgongo ukiuma, kisha akapunjwa kilo tatu kwenye mizani, mara nyingi hana pa kushtaki. Ila tujiulize, mchanga huo unalipwa na nani? Si karani yule. Pamba yetu huchanganywa ghalani na ya jirani. Ikifika kiwandani, mchanga unaharibu mashine, maji yanaharibu nyuzi, na pamba ya eneo zima inapata jina baya, pamoja na ya jirani ambaye hakutia hata punje. Tumekwenda kudai deni kwa mtu asiye mdeni wetu.

Wazee wetu wa Kanda ya Ziwa nao walipunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, wahakiki mizani ya wanunuzi. Vyama vya ushirika vikakua, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho lao, Paul Bomani akiwa kiongozi. Hawakuwa malaika, na huenda mchanga ulikuwapo hata wakati ule. Lakini dai lao walilitoa mchana, mbele ya mizani.

Zakayo wa Luka 19 tumezoea kumhubiri kwa wanunuzi. Msimu uliopita mwenzetu mmoja alikwenda kwenye chama cha msingi na fedha mkononi, akasema gunia aliloliuza wiki iliyotangulia lilikuwa na mchanga. Tuliokuwa kwenye foleni tulicheka, kisha tukanyamaza. Karani aligeuza daftari mbele na nyuma. Halikuwa na safu ya kuandikia fedha ya namna hiyo.