Kanga Kwenye Kona ya Picha

Tuseme ni saa nane usiku katika hospitali ya wilaya, na tabibu wa zamu amepokea mama aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda. Mfupa wa mguu umevunjika na kutoboa ngozi. Bingwa wa mifupa aliye karibu yuko mjini, mwendo wa saa tano kwa gari. Tabibu anaibandika filamu ya eksirei kwenye kisanduku cha taa na kuipiga picha kwa simu yake. Anapiga nyingine ya kidonda chenyewe, kisha anazituma zote mbili kwenye kundi la WhatsApp la madaktari wa mkoa. Hata dakika kumi hazijapita, bingwa ameshaamka na kujibu: osheni kidonda kwa maji mengi, mwanzishieni antibiotiki sasa hivi, mfungeni gango, alfajiri aletwe. Mguu ule utapona.

Uso wa mama hauonekani. Tabibu alilikumbuka hilo hata katika haraka ile. Ila jina lake limeandikwa kwenye kona ya filamu, na chini ya mguu imetandikwa kanga yake, maandishi yakisomeka herufi kwa herufi. Anayeijua kanga anajua maana yake. Mwanamke huinunua kwa ajili ya jina lake, yaani maandishi hayo, shoga zake wakaizoea, wakamtambua nayo hata akiwa amewapa mgongo. Na katika kundi lenye watu mia mbili hakosekani jirani, shemeji, au mtu aliyekuwapo kwenye shughuli ambayo kanga ile ilivaliwa sare.

Tabibu huyo ametenda jema au ameteleza? Swali linaonekana dogo, la adabu za simu tu. Ukilifuata, linakufikisha kwenye jambo ambalo dini na falsafa zimelihangaikia tangu zamani: aliyeuona mwili wa mwenziwe katika udhaifu wake anadaiwa nini, na anadaiwa na nani?

Madaktari wenyewe wamebeba amri mbili katika kiapo kimoja. Kiapo kinachohusishwa na Hippocrates, chenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, kinamtaka mtabibu anyamaze juu ya yale anayoyaona na kuyasikia kwa wagonjwa. Tamko la Geneva, lililotolewa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1948, lilirithi amri hiyo. Kisha mwaka 2017, walipokutana Chicago kulirekebisha, wakaongeza ahadi kwamba daktari atawashirikisha wengine elimu yake kwa manufaa ya mgonjwa na maendeleo ya tiba. Funga mdomo, na fungua mdomo. Enzi za barua na majarida, amri hizi zilikaa mbalimbali, kila moja na wakati wake. Simu imeziweka kwenye kidole kimoja.

Sheria za leo huliita jambo hili faragha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zimeziweka habari za afya katika fungu linalohitaji ulinzi wa ziada. Ni sheria njema. Lakini faragha, kama sheria inavyolitumia neno hilo, ni dai la mwenye mali: hizi ni habari zangu, usiziguse. Waswahili wana neno jingine linalokwenda ndani zaidi, nalo ni sitara. Sitara haimsubiri anayedai. Inaanzia kwa aliyeona. Yeye ndiye mwenye mzigo, hata kama aliyeonekana hana habari, hana nguvu ya kulalamika, au hayupo tena duniani.

Mfano wake kamili ni mwosha maiti. Katika nyumba za Waislamu, maiti huoshwa akiwa amefunikwa shuka. Mkono wa mwosha, uliozungushiwa kitambaa, hupita chini ya shuka hilo, na jicho haliendi pasipo lazima. Akiona jema, kama uso uliotulia na kung'aa, anaweza kuwasimulia wafiwa wakafarijika. Akiona kovu, kilema au alama ya maradhi ambayo marehemu aliificha maisha yake yote, hufa nalo. Hakuna karatasi iliyotiwa saini, wala marehemu hawezi kumshitaki mtu. Methali inamkumbusha tu kwamba mwosha huoshwa. Madaktari wa dunia walifika hapo mwaka 1968, walipoandika katika Tamko la Geneva kwamba siri ya mgonjwa hutunzwa hata baada ya kufa kwake.

Kanisa Katoliki nalo lilikata shauri mapema. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliamuru kwamba padri atakayetoa siri ya kitubio avuliwe daraja lake na afungiwe katika monasteri afanye toba maisha yake yote. Ila hapa padri na daktari wanaachana njia. Padri haruhusiwi kuitoa siri ya kitubio kwa sababu yoyote ile, hata ya kuokoa maisha. Daktari aliyekutana na kipindupindu kijijini akanyamaza atakuwa amewasaliti wote wanaochota maji kwenye kisima kile. Kwa hiyo kumwambia daktari anyamaze tu hakutoshi. Anahitaji kipimo cha kujua lini aseme.

Kipimo hicho kipo, na hakikutoka kwenye kongamano la teknolojia. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ndani ya kitabu chake Ihya Ulum al-Din alizitaja sababu sita zinazomruhusu mtu kuzungumza habari za mwenziwe ambazo mwenyewe asingependa zizungumzwe. Mbili kati yake ni kama zimeandikiwa madaktari. Moja ni kuomba fatwa: una jambo linalokutatiza, unamwendea mjuzi na kumweleza. Hata hapo, Ghazali anasema ni salama zaidi usimtaje mtu. Uliza, unasemaje kuhusu mtu aliyefanya kadha wa kadha. Nyingine ni kutahadharisha: unajua shari inawaendea watu, unawaambia wajihadhari. Ukizisoma zote sita, toka ya kwanza hadi ya mwisho, hutakuta ruhusa ya kumtaja mwenzio ili wewe upate sifa.

Tabibu wa saa nane usiku alikuwa mwomba fatwa. Alikuwa na tatizo asiloliweza, akawauliza wanaoliweza, na mama akanufaika. Kasoro yake ni kwamba alipeleka zaidi ya swali. Jina halikumsaidia bingwa kuufahamu mvunjiko, wala kanga haikumsaidia. Shuka la kijani na kipande cha plasta juu ya kona ya filamu vingetosha. Wapo walioliona hili na kulifanyia kazi: mwaka 2013 huko Toronto ilianzishwa programu iitwayo Figure 1, mahali pa madaktari kuonyeshana picha za wagonjwa na kushauriana, ambayo huziba nyuso na kumpa anayepakia nafasi ya kufuta alama nyingine kabla ya kutuma.

Lakini kuziba uso hakumfichi mtu kama tunavyodhani. Mwezi Aprili 2011 mzee mmoja wa New York aligongwa na lori la taka, akakimbizwa hospitali ya New York-Presbyterian, akafia huko. Mwaka uliofuata mjane wake alikuwa ameketi akitazama televisheni, kipindi cha NY Med kilichorekodiwa katika hospitali hiyo. Alipita mgonjwa aliyefifishwa uso, na sauti nayo imebadilishwa kidogo. Mjane akamjua mumewe papo hapo. Alimsikia akimuulizia yeye, mkewe, kama amekwisha kuarifiwa. Baada ya hapo akayaona mauti yake, ambayo hakuwapo yalipotokea. Familia haikuwa imeombwa ruhusa. Mwaka 2016 hospitali ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kwa serikali ya Marekani kumaliza shauri la kuvunjwa kwa faragha. Waliofifisha ule uso walidhani mtu ni sura yake. Mkewe alimjua kwa mengine yote.

Sasa turudi wilayani. Asubuhi imefika, gari la wagonjwa limeondoka na mama, na tabibu amekaa na chai yake. Anaitazama ile picha. Usiku alifanya kazi ya maana, na hakuna aliyemwona ila nesi mmoja na mlinzi. Anaipandisha kwenye stetasi yake pamoja na maneno ya kumshukuru Mungu kwa mguu uliookolewa. Picha ni ileile, simu ni ileile, na shukrani yake ni ya kweli. Hata hivyo tendo limekuwa jingine kabisa. Usiku picha ilimfanyia mama kazi. Asubuhi mama anaifanyia kazi picha. Waislamu wanalo neno riya kwa ibada inayofanywa ionekane na watu. Wakristo wanaikumbuka sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, Yesu anapowakataza watu kupiga tarumbeta wanapotoa sadaka. Mafundisho yote mawili yanawahusu watu wanaotenda mema hasa, kwa kuwa ndio wenye kitu cha kuonyesha. Mitandao haikuuleta udhaifu huu. Imeuwekea mizani: idadi ya waliotazama, waliopenda, waliosambaza, na kila asubuhi mtu huamka na kuikagua.

Atakayemtetea atasema kwamba mgonjwa aliombwa, akakubali. Hoja hii ndiyo inayohitaji kutazamwa kwa makini kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayoaminiwa zaidi. Mgonjwa amelala. Daktari amesimama, kavaa koti jeupe, na mkononi mwake ndimo ilimo dawa ya maumivu, na tarehe ya upasuaji, na ruhusa ya kwenda nyumbani. Anauliza kwa upole, “Mama, naweza kupiga picha kidogo?” Mama huyo atajibu nini? Amelelewa kumheshimu daktari na kumwita “dokta” hata kama ni mwanafunzi. Anajua kwamba kesho atamhitaji tena. Atasema, “Haya, baba,” na ile “haya” yake itaandikwa kuwa ni ridhaa. Pengine hajui kwamba picha ikishatoka hairudi, kwamba itatazamwa na watu asiowajua katika miji asiyoisikia, na kwamba mjukuu wake atakutana nayo siku moja. Mfadhiliwa hawezi kumnyima kirahisi anayemfadhili. Kama ruhusa inahitajika kwa ajili ya kufundishia, aombwe amekaa, amevaa nguo zake, amekwisha kupona, na ikiwezekana aombwe na mtu mwingine ambaye hana la kumpa wala la kumnyima.

Hayo yote hayamhusu daktari anayeketi mbele ya simu yake mwenyewe na kueleza, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa nini mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, macho yanayoona ukungu na uso uliovimba asisubiri kesho kwenda hospitali. Kifafa cha mimba kinaua, na mama akizijua dalili mapema anaweza kuokoka. Daktari huyo anamimina elimu kama Tamko la 2017 linavyotaka, na hajamvua mtu yeyote nguo. Anastahili wafuasi wote anaowapata. Baraza la Madaktari la Uingereza, katika mwongozo wake wa 2013, lilitaka daktari anayejitambulisha hadharani mtandaoni kuwa ni daktari ajitaje pia kwa jina, maana watu watayaamini maneno yake. Ajulikane anayefundisha, na asijulikane anayefundishiwa. Mara nyingi mitandao imekuwa ikifanya kinyume chake.

Mlango wa pili wa Ghazali, ule wa tahadhari, ulifunguliwa Wuhan, nchini China. Tarehe 30 Desemba 2019, daktari Ai Fen, mkuu wa idara ya dharura ya Hospitali Kuu ya Wuhan, alipokea majibu ya maabara ya mgonjwa, akalizungushia duara jekundu neno SARS, jina la ugonjwa hatari wa mapafu unaoambukiza, na kupeleka picha yake kwa tabibu mwenzake. Habari ikamfikia Li Wenliang, daktari wa macho katika hospitali hiyohiyo. Jioni ile Li aliwaandikia wanafunzi wenzake wa zamani wa chuo cha udaktari, katika kundi lao la WeChat, kwamba wagonjwa saba waliotoka soko la Huanan wamethibitishwa kuwa na SARS. Aliwaomba wasiisambaze, ila waziambie familia zao zijihadhari. Hakutaja jina la mgonjwa hata mmoja. Jina lililovuja lilikuwa lake: mtu alipiga picha ujumbe ule, na ukazagaa ukiwa na jina la Li juu yake.

Tarehe 3 Januari 2020 aliitwa polisi na kutakiwa kutia saini kwenye barua ya onyo kwamba amesema uongo. Barua ilimuuliza kama anaweza kuacha mwenendo huo. Akaandika kwamba anaweza. Ikamuuliza kama ameelewa. Akaandika kwamba ameelewa. Kisha akarudi kazini kutibu macho. Siku chache baadaye aliambukizwa Korona na mgonjwa wa glakoma. Alifariki tarehe 7 Februari, akiwa na miaka 33. Mwezi Machi polisi waliifuta barua ile na kuomba radhi kwa familia yake.

Kuna waliosema kwamba Li alivunja nidhamu ya kazi. Hawakutofautisha siri na ukimya. Siri ni ya mgonjwa, na daktari huitunza kwa niaba yake. Ukimya anaoamriwa na mwenye mamlaka ni wa mwenye mamlaka. Tanzania nayo inalijua jambo hilo kwa karibu: mwaka 2020 serikali iliacha kutangaza takwimu za Korona zikiwa zimefikia watu 509. Mapema mwaka 2021 ni Baraza la Maaskofu Katoliki lililojitokeza, na katibu wake mkuu, Padri Charles Kitima, akasema kwamba katika muda wa miezi miwili mapadri zaidi ya 25 walikuwa wamefariki. Alitoa hesabu, hakumwanika mgonjwa yeyote, na waumini wakaelewa kwamba wajihadhari.

Ukurasa wa Li katika mtandao wa Weibo haukufungwa. Kwa miaka kadhaa sasa watu wameendelea kumwandikia chini ya ujumbe wake wa mwisho, na maandiko yao yamepita milioni moja. Wanamsalimu asubuhi, wanamweleza habari za mitihani, za mapenzi yaliyovunjika, za baba aliyelazwa, mambo ambayo pengine hawajamwambia mtu mwingine. Ujumbe huo aliuandika tarehe 1 Februari 2020 akiwa kitandani hospitalini. Ni majibu ya maabara: kipimo kimethibitisha ana virusi. Habari ile ya ugonjwa ilikuwa yake mwenyewe.